Shilingi Hamsini za Mafunzo Tunazolipa na Kuzisahau

Katika kila hesabu ya mishahara ninayoiandaa hapa Nakuru kuna mstari mmoja ambao hakuna anayeniuliza habari zake. SHIF, mchango wa bima ya afya, ya asilimia 2.75 huulizwa. Tozo ya nyumba ya asilimia 1.5 huulizwa kwa hasira, na mwajiri na mfanyakazi kwa pamoja. NSSF ikipanda, simu yangu hailali. Lakini mstari wa NITA, yaani tozo ya mafunzo ya viwandani ya shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi, hupita bila neno. Unalipwa pamoja na mengine, na mwenye biashara anauandika kwenye matumizi, anafunga daftari.

Mimi naamini mstari huo ndio ulio muhimu kuliko yote kwa mwajiri mdogo, kwa sababu ndio pekee ambao sheria yenyewe inasema mwajiri anaweza kurudishiwa. Kodi ikishalipwa, imekwenda. Tozo ya mafunzo inaingia kwenye mfuko, na mfuko huo upo ili mwajiri aliyewafundisha watu wake aje adai gharama zake. Wengi ninaowahudumia wamelipa miaka nenda miaka rudi na hawajawahi kudai hata mara moja. Si kwamba walikataliwa. Hawakuomba.

Wateja wangu si kampuni kubwa. Kuna kiwanda cha mikate upande wa Lanet, karakana za magari, shule za binafsi, wafanyabiashara wa nafaka wenye maghala, na wachache wa Kisumu na Kakamega ambao hunitumia karatasi zao kwa simu. Mwenye watu wachache ana kumi, mwenye wengi ana themanini hivi. Hawa ndio ninaowaandikia. Kampuni za maua za Naivasha zina maafisa wa rasilimali watu wanaojua njia hii kwa moyo, na kila mwaka faili zao ziko tayari. Mwenye karakana ya mafundi kumi na wawili hana afisa wa namna hiyo. Ana mimi, na ana mkewe anayeshika pesa.

Tuanze na sheria, kwa ufupi. Sheria ya Mafunzo ya Viwandani, Sura ya 237, ni ya 1959, kabla hatujapata uhuru. Tozo yenyewe iliingizwa kwa marekebisho ya 1971. Zamani sekta mbalimbali zilikuwa na utaratibu wake, hadi amri ya 2007 ilipoweka kiwango kimoja: shilingi 50 kwa kila mfanyakazi, kila mwezi. Marekebisho ya 2011 ndiyo yaliyoigeuza iliyokuwa Kurugenzi ya Mafunzo ya Viwandani kuwa Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, yaani NITA, yenye bodi ambamo waajiri, wafanyakazi na serikali wote wana viti.

Jambo moja nalisema kwa sauti kila ninapopata nafasi: hiyo hamsini ni ya mwajiri. Haitoki kwenye mshahara wa mtu. Nimeona hati za malipo ambazo mfanyakazi amekatwa shilingi 50 na kuandikiwa «NITA» chini ya makato yake. Huko ni kumnyang'anya mtu haki yake, hata kama ni kiasi kidogo, na ukiona hivyo kwenye hati yako una haki ya kuuliza na kudai urudishiwe.

Hesabu zake ni rahisi. Mwenye watu 12 analipa 600 kwa mwezi, 7,200 kwa mwaka. Mwenye watu 40 analipa 24,000 kwa mwaka. Mwenye 80, elfu 48. Kwa miaka mitano huyu wa mwisho ameweka karibu robo milioni kwenye mfuko wa mafunzo, na fundi wake wa umeme bado anajifunza mashine mpya kwa kuangalia video kwenye simu wakati wa chakula cha mchana.

Na mfuko unaruhusiwa kulipia nini? Sheria ni pana kuliko watu wanavyodhani. Inazungumza juu ya kumrudishia mwajiri gharama zote au sehemu yake: ada ya kozi, gharama za wakufunzi, vifaa vya kufundishia, hata posho za usafiri na za kujikimu kwa anayekwenda kusoma mbali na kwake. Neno la kushika hapo ni «sehemu». Usiende na matumaini ya kurudishiwa kila senti. Nenda ukijua kwamba mafunzo yaliyokuwa yakikugharimu wewe peke yako sasa yana mtu wa kukusaidia kubeba.

Sasa nifike pale ambapo watu wengi hukwama, na hapa nitakaa kidogo.

Mama mmoja ninayemfanyia hesabu, mwenye kiwanda cha mikate, alikuja ofisini kwangu na bahasha. Alikuwa amewapeleka watu wake wote wa jikoni kwenye mafunzo ya usafi wa chakula, siku mbili, mkufunzi akaja mwenyewe kiwandani, vyeti vikatolewa, picha zikapigwa. Akanitandazia risiti mezani. «Mwanangu, wewe ndiwe uliyeniambia hii pesa hurudi. Basi nidaie.»

Nikamuuliza, «Mama, barua ya idhini iko wapi?»

Hakukuwa na barua. Alifundisha kwanza, akaja kuuliza baadaye. Na utaratibu wa NITA unakwenda kinyume cha hivyo: unaomba idhini kabla ya mafunzo kuanza, na unadai baada ya mafunzo kwisha. Mafunzo ambayo hayakuidhinishwa, hata yawe mazuri namna gani, hayana mlango wa kupitia. Mama yule alifanya jambo jema kwa watu wake na mikate yake ni safi zaidi leo, lakini gharama ilibaki yake yote.

Kwa hiyo kazi inaanza mapema, kabla mkufunzi hajatajwa, kabla hoteli haijafikiriwa. Inaanza kwa kinachoitwa tathmini ya mahitaji ya mafunzo. Maneno hayo yanawatisha watu. Wanadhani ni lazima aje mshauri kutoka Nairobi mwenye kompyuta na ankara nene. Mimi huifanya saa nne, wakati wa chai, nikiwa nimekaa na wafanyakazi wenyewe, mwajiri akiwa ameombwa kwa heshima atupishe.

Ninawauliza mashine gani wanaogopa kuigusa. Ninawauliza kazi gani ikiharibika husubiri mtu mmoja arudi. Hilo la pili ndilo linalofungua mazungumzo. Kwenye kile kiwanda cha mikate niliambiwa kuna tanuri ambalo mtu mmoja tu ndiye anayelijua vizuri: anajua moto wake, anajua sauti yake likitaka kuharibika, anajua namna ya kuliwasha likigoma. Akifiwa na kwenda kwao Vihiga, siku za matanga zote mikate inatoka imeungua upande mmoja. Kila mtu pale alijua, isipokuwa hakuna aliyewahi kuliandika. Hilo ndilo hitaji la mafunzo. Halihitaji mshauri. Linahitaji kuandikwa: watu watatu wafundishwe uendeshaji na utunzaji wa tanuri, kwa sababu sasa anayejua ni mmoja, na siku asipokuwepo hasara ni kadhaa.

Kwa mfanyabiashara wa nafaka mambo yalikuwa mengine. Wapokeaji wake wa mahindi walikuwa wanapima ukavu kwa kuuma punje na kusikiliza inavyovunjika. Wazee wetu walipima hivyo, na si wajinga. Lakini kiwango cha Afrika Mashariki kinataka unyevu usiozidi asilimia 13.5, na sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, isizidi sehemu 10 kwa bilioni, na jino halisomi tarakimu hizo. Alikuwa na kipima unyevu kabatini, kimenunuliwa, hakijatumika kwa sababu hakuna aliyefundishwa kukirekebisha kabla ya kupima. Mahindi mabichi yakiingia ghalani yanaota ukungu na kuharibu hata yale makavu yaliyokuwepo. Mafunzo ya siku mbili kwa watu wanne, ukilinganisha na gunia mia moja zilizokataliwa na kiwanda cha unga, hayo si gharama ya kubishania.

Ukishasikiliza hivyo, mpango wa mafunzo unajiandika: nani, anafanya kazi gani sasa, anakosa ujuzi gani, atafundishwa nini, na nani, lini, kwa kiasi gani. Ukurasa mmoja au miwili. Huo ndio unaoambatanishwa na maombi. Nimegundua pia kwamba mpango uliotoka kwa wafanyakazi wenyewe una nguvu kuliko ule wa kunakili, kwa sababu kila mstari una sababu yake. Yeyote anayesoma faili anaona kwamba hizi ni shida za kiwanda hiki na si za kila kiwanda.

Kuhusu mkufunzi nina ukali kidogo, na sitauficha. Gharama zinazorudishwa ni za mafunzo yaliyotolewa na mkufunzi au taasisi iliyosajiliwa na NITA. Kwa hiyo matangazo mengi ya semina hubeba maneno kwamba zinatambuliwa na NITA, na mwajiri akiyaona anatulia. Usitulie. Uliza namba ya usajili, uliza amesajiliwa kufundisha nini, kisha uthibitishe na mamlaka yenyewe. Kuna mmoja aliyewahi kumpigia mteja wangu akimpa «kifurushi»: siku tatu hotelini, chakula cha kujichagulia, mada za uongozi, na maneno haya, «Usijali gharama, NITA italipa.» Mada hizo hazikugusa hata kazi moja inayofanyika kwenye ile karakana. Mtu anayeuza hoteli kwanza na somo baadaye anatafuta soko la hoteli. Fundi wako wa breki hahitaji somo la uongozi siku tatu. Anahitaji mtu wa kumwonyesha mfumo wa breki wa magari mapya yanayoingia, ambao yeye hakuufundishwa popote.

Mafunzo yakianza, jambo linalobaki ni daftari. Mali bila daftari huisha bila habari, na hapa methali hiyo ni ya kweli neno kwa neno. Orodha ya mahudhurio itiwe sahihi kila siku, siyo yote siku ya mwisho. Nakala za vyeti zihifadhiwe. Malipo yapite benki au kwa njia ya simu yenye kumbukumbu, siyo pesa mkononi. Na ankara ya mkufunzi iwe ya eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa Mamlaka ya Mapato ya Kenya (KRA). Hili la mwisho lina faida mbili, maana tangu Januari 2024 matumizi ambayo hayana ankara ya eTIMS hayakubaliki kama gharama ya biashara mbele ya KRA. Hata kama dai lako lingechelewa au likarudi pungufu, ada ya mafunzo inabaki kuwa gharama halali ya kutoa kwenye faida kabla ya kodi, lakini kwa sharti kwamba ankara ni sahihi. Kisha peleka dai mara moja, wakati kila mtu bado anakumbuka. Karatasi zikikaa miezi kabatini, moja hupotea, na kila mara inayopotea ni ile inayohitajika.

Halafu kuna sharti ambalo lingepaswa kuwa la kwanza: uwe umelipa tozo yako yote. Mwajiri mwenye deni hana uso wa kudai. Ninajua waajiri ambao huwasajili watu ishirini wakati wana thelathini na tano, wakiwaita wale kumi na tano vibarua kwa miaka. Wanadhani wanaokoa shilingi 750 kwa mwezi. Wanachofanya ni kuwafuta watu kumi na tano kwenye kila kitu, pamoja na mafunzo, kwa kuwa huwezi kudai ada ya mtu ambaye kwenye karatasi zako hayupo.

Kuna motisha nyingine inayotajwa sana kwenye makongamano, nayo ni ya kodi ya mapato. Kifungu cha 39B cha Sheria ya Kodi ya Mapato kinampa nafuu mwajiri anayewachukua wahitimu wasiopungua 10 kama wanagenzi kwa miezi 6 hadi 12. Nafuu hiyo hupatikana mwaka unaofuata na hukokotolewa kwa nusu ya mishahara waliyolipwa. Mwanzoni ilikuwa kwa wahitimu wa vyuo vikuu peke yao, baadaye wa vyuo vya ufundi wakaongezwa, na hilo lilikuwa jambo la haki. Wazo ni zuri. Lakini kumi! Mwenye karakana ya watu kumi na wawili awachukue wanagenzi kumi awaweke wapi? Sheria hiyo iliandikwa na mtu aliyekuwa akiangalia majengo marefu. Mjini Nakuru, Kisumu, Kakamega, Bungoma, ajira ziko kwenye biashara za watu watano, wanane, ishirini. Kama wahitimu wa Rift Valley National Polytechnic, Kisumu National Polytechnic na Sigalagala watapata pa kuingilia, itakuwa kwa biashara hizi, mmoja hapa, wawili pale. Ningependa kuona kiwango hicho kikishushwa hadi wawili. Hilo ni ombi langu kwa wabunge wetu, na nalisema bila kuzunguka.

Sasa twende magharibi, kwa sababu huko kuna jambo linaloniuma.

Mimi nimezaliwa Kakamega. Nimekua nikiona mabasi ya wafanyakazi wa kiwanda cha sukari cha Mumias yakipita alfajiri. Webuye nayo ilikuwa na kiwanda chake cha karatasi, PanPaper, na ukipita barabarani ulijua umefika kwa harufu kabla ya macho. PanPaper ilisimama 2009. Mumias ikaingia mikononi mwa mrasimu wa benki, yaani msimamizi wa mali za mwenye deni, 2019. Waliotoka kwenye viwanda hivyo hawakuwa watu wa kubeba mizigo peke yao. Walikuwemo waendeshaji wa boila, mafundi wa pampu, wachomeleaji wa mabomba ya presha, wataalamu wa maabara ya sukari. Walitawanyika. Wengine wako kwenye viwanda vya sukari vya Muhoroni na Chemelil, wengine Uganda, wengine wamefungua vibanda vya kuchomelea madirisha kando ya barabara, na baadhi wako hapa Nakuru, nimewakuta kwenye orodha za mishahara ninazoandaa. Na kwenye safu ya elimu, mwajiri ameandika: «darasa la nane».

Mtu ameendesha boila miaka ishirini, ameandikwa darasa la nane, analipwa kama msaidizi. Mwajiri anasema hana cheti. Yeye naye anasema, «Bosi, mikono yangu ndiyo cheti.» Wote wawili wana ukweli, na tozo ile ile anayoilipa mwajiri ina namna ya kuwasaidia.

NITA ina vituo vitano nchini: viwili Nairobi, kimojawapo kikiwa cha nguo, kimoja Athi River, kimoja Mombasa, na kimoja Kisumu. Pamoja na kozi, mamlaka hiyo huendesha mitihani ya ufundi ya gredi ya tatu, ya pili na ya kwanza. Mtahiniwa anapewa kazi aifanye: kata, pinda, chomelea, unganisha, funga. Hiyo ndiyo mitihani ambayo fundi asiyekaa darasani anaweza kuifanya na kuishinda kwa kile anachokijua. Na siku hizi kuna utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana kazini, ambao NITA na mamlaka ya sifa za kitaaluma wanausimamia, uliokusudiwa watu hasa wa namna hii, waliojifunza kwa kufanya.

Nakuomba, mwajiri unayenisoma, umtazame upya mtu wako wa darasa la nane. Mwandikishe mtihani wa gredi. Mpe siku ya kujiandaa, mlipie ada, mpeleke Kisumu. Akirudi na gredi yake, una fundi anayetambulika wa kumwonyesha mkaguzi na mteja mkubwa anayetaka kujua nani anaendesha boila lako. Na yeye ana karatasi yenye jina lake. Nimemwona mtu wa miaka hamsini na kitu akiipeleka karatasi hiyo kwa mafundi wenzake kila mmoja, akiwashikisha.

Kwa wale wanaochukua vijana, kuna pia mradi wa ajira kwa vijana uitwao NYOTA, unaofadhiliwa na Benki ya Dunia, uliofuata ule wa KYEOP. Unawaunganisha vijana na mafundi stadi na waajiri ili wajifunze kazini, na kutambuliwa kwa ujuzi kumo ndani yake. Fundi wa jua kali mwenye karakana inayoeleweka anaweza kuwa mwalimu katika mradi wa namna hiyo na akalipwa kwa kazi hiyo. Nafasi zake hutangazwa kwa misimu, kwa hiyo fuatilia matangazo, usisubiri kuambiwa.

Kuna pingamizi ambalo huja kila mara nikifika hapa, na kwa kawaida hutoka kwa mzee mmoja mwenye karakana ambaye namheshimu sana. Hulisema akiwa ameshika spana: «Nikimfundisha, ataniacha. Nitakuwa nimewafundishia jirani.» Si hofu ya bure. Ametokewa na hilo. Alimsomesha kijana umeme wa magari, na kijana akavuka barabara kwenda kwa mshindani kwa nyongeza ya elfu tatu.

Nilimjibu hivi, na bado naamini hivi. Kwanza, mwandikie mkataba wa mafunzo kabla hajaenda: ukigharimiwa kozi, utakaa muda fulani, na ukiondoka mapema utarudisha sehemu ya gharama kulingana na muda uliobaki. Uwe wa haki, muda uwe mfupi wa kueleweka, na asaini akiwa ameuelewa. Pili, na hili ndilo wazee hawapendi kulisikia, mpandishe mshahara akirudi na ujuzi. Ukimfundisha mtu kazi ya elfu 35 na ukaendelea kumlipa 22, hujaibiwa na jirani. Umemwonyesha mwenyewe bei yake halafu ukakataa kuilipa. Mzee alinyamaza, akaenda kumaliza gari. Wiki iliyofuata alinipigia akiuliza mkataba huo unaandikwaje.

Na upo upande mwingine wa suala hili. Kijana yule aliyevuka barabara hakuupoteza ujuzi. Uko Nakuru. Gari litakalotengenezwa naye litatengenezwa vizuri. Mfuko wa tozo ulibuniwa kwa sababu hiyo hasa: kila mwajiri akichangia, anayefundisha habebi peke yake hasara ya yule atakayeondoka, kwa kuwa anayepokea fundi aliyefundishwa naye amechangia. Hamsini ya mshindani wako iko kwenye mfuko ule ule. Kama yeye anadai na wewe hudai, basi ni kweli unamfundishia jirani, lakini kwa uamuzi wako mwenyewe.

Kilichobaki ni ugumu wa wadogo. Mwenye watu kumi na wawili akitaka kuwafundisha watatu, mkufunzi mzuri hatakuja kutoka mbali kwa ajili ya watatu, na akija, bei kwa kila kichwa inavunja mgongo. Ndiyo maana tangu mwaka jana nimekuwa nikiwaomba wateja wangu waungane. Wenye karakana wanne wana mafundi kumi na sita wanaohitaji somo lile lile la umeme wa magari mapya. Wanakubaliana juu ya mkufunzi mmoja aliyesajiliwa, tarehe moja, na ukumbi mmoja ambao ni karakana ya mmoja wao yenye nafasi kubwa. Kila mwajiri anaandika mpango wake, anapeleka maombi yake ya idhini, analipa ankara yake na atadai chake. Wasichounganisha ni faili. Wanachounganisha ni darasa. Ada kwa kila fundi inashuka, na mafundi wanajuana, jambo ambalo wenye karakana waliliogopa mwanzoni na sasa hupigiana simu kuazimana vifaa.

Wenye maghala ya nafaka nao wameanza kuulizana, wakiwaza darasa la unyevu na sumukuvu kabla ya msimu wa mavuno. Kwa huku kwetu mahindi mengi hutoka kuanzia Oktoba, kwa hiyo maombi ya idhini yanapaswa kuwa yameshapelekwa mapema, wapokeaji wakiwa bado hawana malori langoni. Kama una ghala kati ya Njoro na Molo, au uko Kisumu na unataka kuwakusanya wenzako wa huko, niandikie. Njoo na uthibitisho wa malipo ya tozo, orodha kamili ya watu wako pamoja na hao unaowaita vibarua, na majina ya wawili au watatu ambao ungependa waanze.